Kikoki cha Baba Pacha

Kijiwe chenyewe kiko kwenye kona, kati ya saluni ya Kipara na kibanda cha Sentimita, fundi cherehani: benchi moja refu la mbao, kreti mbili za soda zilizopinduliwa, na meza ya Shangazi yenye jiko la mkaa na birika lisilopoa tangu asubuhi. Ng'ambo ya barabara ni gereji ya Busti. Watu wa hapa wana sheria moja tu, kwamba mtu hasemi alichosikia, anasema alichofanya kwa mkono wake. Sheria hiyo inavunjwa kila siku, tena na hao hao walioitunga. Kipara huzungumzia marubani na hajapanda hata lifti. Lakini kwenye mambo ya injini za turbo, neno la mwisho lilikuwa la Busti, maana yeye alifanya kweli: aling'oa injini ya zamani kwenye gari lake dogo, akadumbukiza ya mtumba yenye turbo, akaipandisha presha, na mtaa mzima ukalisikia likipita na mluzi wake. Ndipo alipopewa jina la Busti, yaani hiyo presha ya turbo. Sasa siku hiyo, saa nane mchana, huyo bingwa alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, nusu ya tako iko nje, na kimoyomoyo anaomba watu wazungumzie mpira.

Hawakuzungumzia mpira. Gari la mikate la Baba Pacha lilikuwa limeegeshwa mbele yao, boneti wazi, na Baba Pacha mwenyewe amesimama kando yake na kikombe mkononi. Huyu ni mtu mpole, hana makuu, miaka tisa anasambaza mikate ya kiwanda kile kile. Injini yake ya zamani ilipokata roho, iliyopatikana ya kuingia mle ilikuwa ya turbo, na Busti ndiye aliyeifunga wiki iliyopita. Akaifunga vizuri, kila nati kwa kipimo chake. Hapo hapana lawama.

— Maliza kahawa yako, Busti, tufanye kazi, alisema Baba Pacha. Saa tisa natakiwa kupakia.

Akatoa kikaratasi mfuko wa shati, akakikunjua taratibu. Ndani mlikuwa na kikoki cha shaba, kidogo kuliko kidole cha mwisho.

— Ndiyo hiki? aliuliza Shangazi, akiinama na birika lake. Ndicho kinachofanya gari liruke?

— Hiki hiki, alidakia Kipara. Kuna kampira kembamba kanatoka kwenye turbo kanapeleka presha kwenye kile kikopo cha chuma. Presha ikitosha, kikopo kinafungua mlango wa moshi, turbo inapunguza mwendo. Sasa ukiweka koki katikati, hewa inavujia nje, kikopo kinadanganywa. Kinadhani presha bado ndogo. Mlango haufunguki mapema, na wewe huyooo!

— Umewahi kukifunga wewe?

— Mimi kinyozi, Shangazi. Lakini Busti amekifunga. Alisema hapa hapa, kreti hii hii. Kitu cha kwanza kwenye injini ya turbo ni kupandisha presha, mengine ni urembo. Si ndivyo, Busti?

Busti akatikisa kichwa namna ambayo mtu angeweza kuichukua kuwa ndiyo, na mtu mwingine akaichukua kuwa hapana.

Niwaambie kitu ambacho kijiwe kilikuwa hakikijui. Gari la Busti lilikuwa maiti. Siku ya kumi na moja hiyo. Lilianza kugonga kwa ndani kama mtu anayebisha mlango kwa funguo, likafuka moshi, likazima. Akalisukuma peke yake alfajiri, bega kwenye nguzo ya mlango na mkono mmoja kwenye usukani, akiomba asikutane na muuza maziwa. Alipofungua injini akaikuta pistoni ya tatu ina tobo linalopitisha kidole gumba. Akaisukumia maiti yake nyuma ya gereji, akafunga mlango wa mabati, akaketi juu ya tairi mpaka kukapambazuka sawasawa. Tangu hapo kila aliyeuliza habari za gari alipewa jibu lake, na kwa kuwa Busti ni mwongo asiye na mazoezi, hakukumbuka nani alipewa lipi.

Alichokumbuka ni kile kikoki. Ni kikoki kama hicho kilicholiua.

— Baba Pacha, alisema, akikohoa kidogo. Kwani haraka ya nini? Injini bado mgeni. Iache izoee.

— Haraka ipo, ndugu yangu. Kiwanda kinatafuta gari moja la njia ya mlimani. Tuko wawili tunaoiwania, mimi na yule jamaa mwenye gari jeupe. Wiki hii wanatutazama. Anayefika dukani mkate ungali moto, ndiye. Na mimi nikibeba mzigo kamili, pale kwenye kona ya hospitali natembea mwendo wa jeneza. Nikiikosa njia hiyo, mwezi ujao wananiondoa kabisa. Meneja kaniambia kwa mdomo wake.

— Basi unaona! alisema Kipara. Mtu ana njaa ya kazi, halafu wewe unamwambia izoee. Injini si bibi harusi.

— Mimi nasema tatizo si presha, alisema Sentimita kutoka kibandani mwake, sindano mdomoni. Kitu cha kwanza ni hewa baridi. Ile radieta ndogo ya kupoza hewa, intakula, imejificha huko chini, inapata nini? Tukate boneti matobo mawili. Mimi nitashona neti nzuri ya kuzuia wadudu, nyeusi, yenye zipu.

— Zipu ya nini?

— Mvua ikinyesha unafunga.

— We Sentimita, hebu rudi kwenye suruali za watu! alidakia Kipara. Cha kwanza ni bomba la moshi. Chukua msumeno, kata kila kitu, lile kopo la kupunguza kelele tupa, liwe bomba moja limenyooka mpaka nyuma. Mtu mwenye mafua anaweza kukimbia? Injini nayo ina pua.

— Pua iko mbele, Kipara. Nyuma kuna kitu kingine.

Shangazi alicheka mpaka akaweka birika chini. Baba Pacha naye akatabasamu, lakini macho yake hayakutoka kwa Busti. Ndilo lililokuwa linamkera Busti. Wale wawili walikuwa wanajifurahisha na kila mtu anajua. Baba Pacha hakuwa anacheza. Alikuwa anasubiri neno la fundi wake.

— Mimi naona, alisema Busti, tungeanza na saa ya presha. Ile inayokaa kwenye dashibodi, ukaona presha imefika ngapi. Huwezi kupandisha kitu usichokiona.

Kipara akajipiga paja.

— Saa? Wewe? Si ulisema saa ni pambo la waoga? Ulisema injini unaisikiliza kwa matako!

— Nilisema hivyo?

— Mbele ya umati! Na mimi nikalipeleka saluni neno hilo, wateja wanne wamelichukua.

Busti akahisi masikio yake yanapata moto. Kweli alisema. Alisema huku amesimama mguu mmoja juu ya benchi, siku ya tatu tangu gari lianze kupiga mluzi, na watu walivyocheka akajiona ameota mabawa.

— Basi pampu ya mafuta, alisema. Hewa ikizidi, mafuta nayo lazima yazidi. Pampu hii ya zamani haitoshi.

— Ulisema ya kiwandani inatosha mpaka kiama, alisema Sentimita, akitoa sindano mdomoni ili aseme vizuri.

— Plagi, mkanda, hozi za mpira. Injini ya mtumba hii, hatujui ilikotoka, tubadilishe kwanza vilivyochoka...

— Ulisema hiyo ni kazi ya mafundi wa trekta.

— Na breki je? Gari likikimbia zaidi si lazima lisimame zaidi?

— Breki! Kipara akainuka kabisa. Breki ulisema anayeziwaza anunue baiskeli! Sentimita hapa alinuna siku mbili kwa ajili ya baiskeli yake!

— Tatu, alisema Sentimita.

Wakacheka, na Busti akacheka nao, maana angefanya nini? Alicheka kicheko cha meno matupu. Ajabu ya mambo ni kwamba mara ya kwanza maishani alikuwa anasema ukweli mtupu juu ya injini, na aliyekuwa anamkanusha ni yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Kila alikogeukia alimkuta yule Busti wa zamani amesimama mlangoni, mikono kiunoni, amemzibia njia.

— Anatutega huyu, alisema Kipara. Hataki Baba Pacha awe na gari kali kuliko lake. Wivu!

— Si wivu.

— Basi funga!

— Sikilizeni, alisema Sentimita, aliyekuwa amekwisha kuacha kushona. Kama ni mlima tu, tupunguze uzito. Ng'oa kiti cha abiria. Ng'oa tairi la akiba, milango ya nyuma, kapeti. Hata Mama Pacha asipande.

— Na mikate nayo tuishushe? aliuliza Shangazi.

— Ingesaidia.

— Na mimi nina dawa nyingine, alisema Kipara, na sauti yake ikashuka, kama mtu anayetoa siri ya serikali. Turbo ni nini? Ni feni inayosukuma hewa. Sasa ile draya yangu ya kukaushia nywele inapuliza mpaka kofia ya mteja inaruka. Tufunge draya mbili pale mbele, tuziunganishe na betri. Turbo ya kwanza inasukuma, draya zinasukuma turbo. Mkate utafika kabla haujaiva.

— Na nywele za dereva zitakuwa zimekauka, alisema Shangazi.

Baba Pacha alitazama saa yake ya mkononi. Akaweka kikombe kwenye meza, akamsogelea Busti, akamwekea kile kikoki kwenye kiganja na kumkunjia vidole juu yake, polepole, namna mtu anavyomkabidhi mgonjwa kwa daktari.

— Wao wanatania, alisema kwa sauti ndogo. Wewe ndiye uliyefanya. Nifungie, ndugu yangu. Nakuamini.

Bora angemtukana. Busti aliinuka kwa sababu miguu ilijiinukia. Akachukua bisibisi, akainama ndani ya boneti. Kampira kenyewe alikaona mara moja, kalikuwa mbele ya uso wake, kameshikwa na kibano cha waya. Kazi ya dakika nne. Kukata, kuchomeka koki, kubana, basi. Akaweka bisibisi kwenye kibano. Nyuma yake Kipara alikuwa ameanza kuhesabu gari litafika mlimani dakika ngapi. Busti akazungusha kibano nusu mzunguko, akasimama. Akazungusha tena nusu. Jasho lake likadondokea juu ya turbo. Alijiambia kwamba labda hili halitakufa, kwamba atakibana kikoki kidogo sana, kwamba mlima si mrefu hivyo. Na wakati huo huo alijiona anavyojidanganya, akajichukia, na mkono ukaendelea kuzungusha.

— Hodi hapo kijiweni.

Alikuwa Mama Pacha, anatoka kiwandani kwa miguu, aproni bado kiunoni na unga mpaka kwenye viwiko.

— Baba Pacha, mzigo uko tayari mapema leo. Meneja anasema uje sasa hivi. Shikamoo, Shangazi. Kipara, Sentimita, habari zenu. Shemeji, pole na kazi.

— Marahaba, mwanangu. Kahawa?

— Sina muda, Shangazi.

Akaja akasimama ubavuni mwa Busti, akachungulia ndani ya boneti, akaona kikoki kwenye kiganja chake.

— Ndicho hiki kilichomnyima mume wangu usingizi? Na wewe unacho hiki hiki kwenye lako?

— Anacho! alijibu Kipara.

— Na lako liko wapi, shemeji? Siku nyingi sijalisikia.

Aliuliza tu. Hakuwa na nia yoyote. Lakini kabla Busti hajafungua mdomo, kijiwe kilimjibia.

— Liko kwa mdogo wa mke wake, alisema Kipara. Kaliazima.

— Kwa mdogo wa mke wake wapi? alisema Sentimita. Liko kwa mpaka rangi. Linapigwa nyekundu.

— Nyekundu gani tena? Shangazi akageuka na birika. Mimi aliniambia kaliuza. Nikampa na hongera.

Wakatazamana. Baba Pacha akakuna shingo.

— Mimi aliniambia limekodiwa harusini, alisema, kama anayeomba radhi.

Pasi ya Sentimita ilisikika ikitoa mvuke. Busti alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikaa na kichwa chake ndani ya boneti kwa muda ambao hakuna kazi yoyote ya boneti inayouhitaji. Kisha akakaza upya kibano alichokuwa amekilegeza, raundi nzima, mpaka kikashika. Akatoka.

— Liko nyuma ya gereji, alisema. Limekufa.

— Limekufaje? aliuliza Kipara.

— Pistoni imetoboka. Kwa sababu ya hiki. Niliongeza hewa, mafuta yakabaki yale yale, moto ukawa mkali humo ndani ukala chuma. Sikuwa na saa ya kuniambia. Sikubadilisha pampu. Hata plagi zilikuwa zile zile zilizokuja na injini. Haya niliyoyasema leo, saa, pampu, plagi, hozi, breki, halafu ndiyo presha kidogo kidogo, ndiyo ya kweli. Yale ya zamani nilisema kwa sababu mlikuwa mnacheka.

Hakuna aliyecheka. Sentimita akarudi kwenye cherehani yake, akaanza kushona bila uzi kwenye sindano.

— Lilikufa lini? aliuliza Baba Pacha.

— Leo ni siku ya kumi na moja.

Baba Pacha alisimama akifikiri. Si mtu wa haraka, hata hesabu huifanya polepole. Kuelewa kwake kulianzia machoni, kukashuka mpaka mabegani.

— Kikoki nimenunua jana, alisema.

— Ndiyo.

— Tulikwenda wote. Wewe ndiye uliyekichagua. Muuzaji alitaka kunipa kile cha plastiki, ukamwambia hapana, mpe cha shaba, hiki kinadumu.

Hilo nalo nilikuwa sijawaambia, na ni kweli nililiruka. Busti mwenyewe alikuwa analiruka tangu asubuhi. Alikwenda dukani kwa sababu aliombwa, na njia nzima alijiambia kwamba atasema mbele kidogo, kwenye taa, kwenye duka la viatu, mlangoni. Wakafika kaunta. Muuzaji akamwita bingwa, na yeye akaitika.

— Nilitaka kukwambia njiani, alisema.

— Na ukatoka hapo ukaja kwangu, alisema Mama Pacha.

Hakupandisha sauti. Alikuwa anafuta unga kwenye viwiko kwa ncha ya aproni, na macho yako hapo hapo kwenye viwiko.

— Nikakutengea chakula. Ukasema nina mkono mzuri. Nikakuongeza, ukala, nikakuongeza tena. Pacha wakakuuliza gari la baba litaruka kama la kwako, ukawaambia litaruka zaidi. Shemeji, wakati ule unakula, ulikuwa unajua?

Alikuwa anauliza kweli. Alisubiri jibu, mikono imetulia, na uso wake hauna hasira, kama mtu aliyeuliza saa. Busti akamtazama Kipara, Kipara akatazama barabara. Akamtazama Shangazi, Shangazi akainamia makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri, akayapuliza.

Baba Pacha akafunga boneti, kwa viganja viwili, bila kishindo.

— Twende, mikate itapoa, alimwambia mke wake. Kisha akamgeukia Busti na kumpa mkono, nao ulikuwa mkono wa kawaida, wenye joto, akasema: Ahsante kwa kusema. Kesho saa moja asubuhi nitalileta. Utabadilisha hivyo ulivyovitaja, kimoja kimoja, na mlima nitaupanda hivyo hivyo kwa mwendo wangu. Wakitunyima njia, wametunyima. Ila kesho nitakuja na Mama Pacha. Kila utakachofanya utamwambia yeye kwanza, ndipo mimi nitakusikia.

— Sawa, alisema Busti.

Mama Pacha alipanda bila kuaga. Gari likawaka mara moja, injini ikanguruma laini, injini nzuri iliyofungwa vizuri, likaondoka kwa mwendo wake wa siku zote na kukata kona ya kiwandani.

Kipara akasema ana mteja, akaingia saluni, na saluni ilikuwa tupu. Busti alibaki amesimama pale gari lilipokuwa. Shangazi alimaliza kupuliza makaa, akapangusa meza, akanyoosha mkono.

— Nipe kikombe changu, mwanangu, alisema. Kahawa imekwisha.

Birika lilikuwa linafuka mvuke mbele yao wote wawili. Busti akakichukua kikombe chake benchini, akampa, akavuka barabara.